Kuingiza Sauti Kwenye Video: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyaokota kwa watu ninaofanya nao mazoezi. Mengine huulizwa kila wiki, mengine huulizwa kwa aibu baada ya wengine kuondoka. Kama umeshaanza na tatizo lako ni kuchelewa, ruka hadi sehemu ya pili.

## Kabla ya kuanza

Kuingiza sauti ni kitu gani hasa? Si sawa na kusimulia?

Si sawa. Msimuliaji anaongea juu ya picha na hana mdomo wa kuufuata. Akichelewa nusu sekunde hakuna atakayemdai. Anayeingiza sauti anaazima mdomo wa mtu mwingine. Mtazamaji anauona mdomo ule ukifunguka na kufumba, na anataka kuamini kwamba maneno yametoka humo.

Katikati ya hizo mbili kuna utaratibu kama wa Polandi, ambako kwenye televisheni msomaji mmoja husoma maneno ya wahusika wote huku sauti ya asili ikisikika kwa chini. Ni kazi ngumu yenye wataalamu wake, lakini ukurasa huu hauihusu.

Lazima niwe na sauti nzuri?

Hapana. Unahitaji sauti inayosikika wazi, na masikio. Wenye sauti nzito za kupendeza mara nyingi huchukua muda mrefu zaidi kujifunza, kwa sababu wanajisikiliza wenyewe badala ya kumsikiliza mhusika.

Nianze na video ya aina gani?

Anza na mtu mmoja anayezungumza Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili. Chagua kipande cha sekunde 15 hadi 20, mtu amekaa, anaonekana kuanzia kifuani kwenda juu, anaongea kwa vituo. Andika alichosema neno kwa neno, kisha kiseme wewe mahali pake. Kwa njia hiyo maneno yanalingana na mdomo tangu mwanzo, na kinachobaki kupimwa ni kama wewe unalingana na wakati. Ukirukia moja kwa moja filamu ya kigeni, ukikosea hutajua kama kosa ni lako au la tafsiri.

Wiki mbili za namna hiyo zinatosha kwa watu wengi. Usianze na vichekesho, na usianze na sura iliyojaa skrini nzima.

Nahitaji vifaa gani?

Kifaa cha kuonyesha video, maikrofoni, hedifoni za waya na chumba kisicho na mwangwi. Kwa mazoezi hata maikrofoni ya simu inafaa. Kaa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni, na uielekeze kando kidogo ya mdomo ili pumzi za "p" na "b" zisiipige moja kwa moja. Kabati lililojaa nguo likiwa wazi nyuma yako litasaidia zaidi kuliko maikrofoni ya bei kubwa kwenye chumba kitupu.

Kuhusu programu: Audacity inarekodi vizuri lakini haionyeshi video, kwa hiyo utalazimika kuchezesha video pembeni na kuunganisha baadaye. Reaper na DaVinci Resolve zinakuonyesha picha na kurekodi kwa pamoja, na ndiyo njia nyepesi. Kwa nini nimesisitiza waya kwenye hedifoni, tazama sehemu ya ufundi.

## Kufuata midomo

Kila mara nachelewa. Nifanye nini?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote. Unachelewa kwa sababu unasubiri mdomo ufunguke ndipo uanze. Mtu wa kawaida akiona kitu na kukiitikia kwa mwili hutumia kama milisekunde 200 hadi 250. Video ya fremu 25 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazounda video), kila fremu ni milisekunde 40. Kwa hiyo unapokuwa umeuona mdomo ukifunguka na koo lako likaitikia, fremu tano zimeshapita. Kuwa mwepesi zaidi hakutakuokoa. Hata mwanariadha hutumia muda kuuitikia mlio wa kuanzia.

Dawa ni kuacha kusubiri. Mtoto anayeingia kwenye kamba inayozungushwa hasubiri aione imegusa chini. Ameshika mdundo wake, anaingia nao. Wewe pia ujue mhusika ataanza lini kabla hajaanza.

Anayekuambia ni pumzi. Kabla ya kusema, mtu huvuta pumzi: mabega yanapanda kidogo, pua zinatanuka, macho yanatulia. Vuta pumzi pamoja naye na utatoka pamoja naye. Hivi ndivyo ninavyofanya kwa kipande cha sekunde nane. Natazama mara tatu nikiwa kimya. Mara ya nne navuta pumzi tu anapovuta, sisemi kitu. Mara ya tano naguna mdundo wa sentensi bila maneno, mm-mm-mm-MM-mm. Maneno naanza kuyaingiza mara ya sita. Anayeanza huona huko ni kupoteza muda, kisha anarekodi mara ishirini na tano.

Lazima kila herufi ioane na mdomo?

Hapana, na ukijaribu utaongea kama mashine. Jicho la mtazamaji linakagua sehemu tatu: unapoanza, unapomaliza, na midomo inapogusana. Ukizipata hizo, katikati atakusamehe mengi.

Midomo hugusana kwenye "m", "b" na "p", pamoja na "mb" na "mw". Kwenye "f" na "v" meno ya juu hugusa mdomo wa chini. "O", "u" na "w" huuviringa mdomo, na "a" huufungua. Sauti kama "k", "g", "n", "s" na "t" hutengenezwa ndani, hakuna wa kuziona vizuri, kwa hiyo humo una uhuru.

Macho yana nguvu kwenye kusikia kuliko tunavyodhani. Mwaka 1976 wanasaikolojia Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba mtu akitazama mdomo unaotamka "ga" huku akisikilizishwa "ba", mara nyingi huapa amesikia "da". Ndiyo maana "b" iliyowekwa juu ya mdomo uliobaki wazi haimpiti tu mtazamaji: inamfanya ahisi neno limeharibika, hata kama wewe umelitamka safi.

Milio mitatu ya kuhesabia ni ya nini?

Ni ya kukuingiza kabla ya kipande kuanza. Hupigwa kwa kawaida kila baada ya sekunde moja: mlio, mlio, mlio, kisha kimya. Unaanza kuongea pale ambapo mlio wa nne ungepigwa. Ukifanya mazoezi peke yako iweke mwenyewe kabla ya kila kipande. Kosa la kawaida ni kuvuta pumzi kwenye ule wa nne. Pumzi ianze kwenye wa tatu.

Nisome karatasi au nitazame skrini?

Skrini. Sentensi fupi ikariri. Sentensi ndefu igawe kwenye vituo vyake vya pumzi, na ukariri angalau maneno matatu ya mwanzo na neno la mwisho; macho yashuke kwenye karatasi katikati tu. Karatasi iwe usawa wa macho, karibu na skrini. Ukiinamisha kichwa koo linajikunja na sauti inabadilika, na kwenye rekodi kunasikika wazi mahali uliposoma.

Ufaransa wana njia nzuri: utepe wa maandishi unaopita chini ya picha. Maneno yameandikwa yakiwa yamevutwa pale mhusika anapoburuta na kubanwa pale anapokimbia, na unayatamka yanapogusa mstari uliosimama. Bila utepe huo unaweza kuiga wazo lake kwa kalamu. Kwenye karatasi yangu mkwaju mmoja (/) ni kituo kifupi, miwili ni pumzi, mstari chini ya silabi ni mahali midomo inapogusana, na mstari wa mawimbi ni neno la kuburuta.

Kwa nini mnarudia kipande kimoja mara nyingi hivyo?

Ni utaratibu wa zamani. Enzi za utepe wa filamu kipande kilikatwa na kuungwa ncha kwa ncha kikawa pete, kikazunguka kwenye mashine huku mwigizaji akikirudia hadi mwili wake ukishike. Siku hizi ni kitufe tu cha kurudia. Kipande kisizidi sekunde kumi.

## Maneno ya Kiswahili, mdomo wa lugha nyingine

Kiswahili changu kinazidi mdomo. Nifupisheje?

Usihesabu maneno, hesabu silabi. "I'll tell you" ni silabi tatu. "Nitakuambia" ni neno moja lenye silabi sita, tena midomo inagusana kwenye "mb" wakati wa asili haigusani popote. Ukisema "ntakwambia", kama watu wanavyosema kweli, umeokoa moja au mbili, lakini ile "mb" bado ipo. "Utajua" ni silabi nne na midomo haigusani. Kama muktadha unaruhusu, chukua hiyo.

Ufupisho mwingi unatoka kwenye mazungumzo ya kila siku: nafsi iliyokwisha kuonekana kwenye picha haihitaji kutajwa, na kitu anachokishika mhusika mkononi hakihitaji jina. Hakuna anayesema "tafadhali nipatie kisu hicho" akiwa ameshanyoosha mkono. "Hicho" inatosha.

Usifupishe kwa kukimbia. Sentensi iliyobanwa ikatoka mbio kama ya muuzaji wa mnadani inasikika haraka zaidi kuliko inavyoonekana, na hapo hata midomo ikilingana mtu ameshatoka kwenye hadithi.

Nitachaguaje kati ya maneno mawili yenye maana moja?

Zima sauti, tazama mdomo, kisha jaribu yote mawili mbele ya kioo. Chukua "maybe". Midomo inaanza ikiwa imegusana. "Labda" inaanza ikiwa wazi na kugusana katikati; "pengine" inaanza imegusana. Kwenye sura ya karibu nachagua "pengine", ingawa "labda" ndiyo inayonijia kwanza.

"I love you" ina bahati yake. "V" iko katikati, na "nakupenda" ina "p" karibu palepale, kwa hiyo mdomo unaonekana kufanya kazi mahali sahihi. Shida iko mwishoni: "you" inamwacha mhusika na mdomo ulioviringwa, na "-nda" inauacha wazi. Kama kamera imemganda usoni, maliza "-nda" mapema, ikatike, na mviringo ule uliobaki uwe pumzi tu.

Kwa "stop" wengi huandika "simama", silabi tatu kwa moja. "Koma" inakaa vizuri ajabu: "o" imeviringwa, kisha midomo inagusana kwenye "m" palepale ilipo "p". Lakini anayemkimbiza mwizi hasemi "koma". Tafsiri ikishindana na mdomo, maana ndiyo inashinda.

Na Kiswahili kikiwa kifupi, mdomo unaendelea?

Mpe mhusika neno la kushikilia: "basi", "sasa", "yaani", "bwana", "kumbe". Lugha yetu inayo mengi na hayaharibu maana. Chunga tu usimgeuze kila mhusika kuwa mtu wa "yaani".

## Uigizaji

Mdomo unaoana kabisa lakini sauti imekufa. Kwa nini?

Kwa sababu umesimama kama nguzo ukifukuza midomo. Mwigizaji wa kwenye picha alikuwa anatembea, anabeba kitu, ana hasira na mtu aliye mbele yake. Sema na huyo mtu, si na maikrofoni. Kama mhusika ameinama, inama kidogo bila kuhama kwenye maikrofoni. Kama amekunja ngumi, kunja. Mwili ukifanya, sauti inafuata bila kuamrishwa.

Pima pia umbali. Mhusika anayemnong'oneza mtu aliyelala kando yake na anayemwita mtu aliye ng'ambo ya uwanja hawawezi kutumia nguvu moja, hata kama maikrofoni yako haijasogea. Hili huonekana dogo, lakini kwangu ndilo linalotofautisha aliyeingiza sauti na aliyesoma juu ya video.

Nikilazimika kuchagua kati ya rekodi hai iliyoteleza fremu mbili na iliyokaa sawa ikiwa imepoa, nachukua iliyo hai. Fremu mbili zinasogezwa.

Miguno, vilio, kuhema na kutafuna navyo nirekodi?

Vyote. Sauti ya asili ikiondolewa, na pumzi zake zimeondoka. Mhusika anayekimbia kimya ni maiti inayokimbia. Andika kila mguno kwenye karatasi yako kama neno, kwa wakati wake. Kelele na vilio virekodi mwisho wa siku, kwa sababu koo likishachoka halirudi kabla ya kesho.

Katuni ni rahisi zaidi?

Midomo ya katuni nyingi ina maumbo machache tu, kwa hiyo kwa upande wa herufi ni rahisi. Kwa upande wa uigizaji ni kinyume, maana sura haikusaidii na hisia zote zinakutegemea wewe. Inategemea pia ilivyotengenezwa: Marekani sauti kwa kawaida hurekodiwa kwanza ndipo wachoraji wafuate, wakati Japani waigizaji wengi hurekodi wakiifuata picha, kama sisi.

## Ufundi

Nina hakika nimeongea kwa wakati, lakini rekodi imechelewa.

Angalia hedifoni kwanza. Zisizo na waya huchelewesha sauti, mara nyingi kwa milisekunde 100 na zaidi, na wewe unafuata unachosikia. Mimi niliwahi kurekodi mchana mzima nikiwa nazo masikioni, vipande arobaini, kila kimoja kimechelewa kwa kiasi kilekile. Nilikuwa nimeanza kuamini nimezeeka. Nilipovaa za waya tatizo liliisha.

Kisha tazama bafa ya programu yako, yaani kiasi cha sauti inachokusanya kabla ya kuipitisha. Sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 256 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni kama milisekunde 5, hutazihisi. 1,024 ni kama 21, na huongezeka kwa kuingia na kutoka. Kupima ni rahisi: piga makofi mara moja kwa kufuata mlio ulioko kwenye video, rekodi, na linganisha. Kama pengo ni lilelile kila unaporudia, ni la kifaa. Kama linabadilika, ni lako.

Mwanzo iko sawa, mwisho imeteleza. Nini hicho?

Kama inateleza polepole, kosa si la kinywa. Mara nyingi video ilichukuliwa kwa simu yenye fremu zisizo thabiti: kasi inapanda na kushuka, na programu ya kuhariri inachanganyikiwa. Ibadilishe kwanza iwe na kasi moja kwa programu kama HandBrake, ndipo uanze kazi.

Sababu nyingine ni kuchanganya fremu 24 na 23.976 kwa sekunde. Tofauti ni sehemu moja kwa elfu, haionekani kwenye sekunde kumi, lakini baada ya dakika moja ni milisekunde 60 na baada ya dakika kumi zaidi ya nusu sekunde. Weka mradi kwa kasi ileile ya video, na sauti kwenye 48,000, ambayo ndiyo kasi ya kawaida ya video. 44,100 ni ya muziki wa CD.

Nikikosea kidogo, naruhusiwa kusogeza sauti kwenye kompyuta?

Unaruhusiwa, kila studio husogeza. Kwenye mazoezi jizuie kwa wiki za mwanzo, la sivyo kipanya kitajifunza badala yako. Kusogeza sentensi nzima ni sawa. Kuvuta neno lirefuke au libanwe kunasikika upesi. Kama umelazimika kufanya hivyo mara tatu kwenye sentensi moja, irekodi upya.

Kukosea kiasi gani kunaonekana?

Pendekezo la utangazaji la ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), BT.1359, linataja kwamba watu huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, au ikichelewa kwa 125 hivi. Kwa fremu 25 hiyo ni kama fremu moja mbele au tatu nyuma.

Angalia kwamba haviko sawa. Maisha yetu yote mwanga hutufikia kabla ya sauti: mtu aliye mita 34 mbele yako sauti yake inachelewa sehemu ya kumi ya sekunde, na hushangai. Sauti inayotangulia mdomo hujawahi kuikuta popote. Ukiwa na shaka, egemea kuchelewa.

## Mambo ya pembeni

Mhusika amegeuza kisogo, au yuko mbali sana.

Starehe. Hapo ndipo unapoweka sentensi ndefu iliyokataa kuingia kwenye sura ya karibu. Lakini mabega na mikono bado vinaongea. Mkazo wa sauti uangukie pale mkono unapopiga meza.

Wawili wanaongea kwa pamoja.

Rekodi kila mmoja kwenye mkondo wake (track) ndani ya programu, hata kama mko wawili chumbani. Ukiwa peke yako, anza na yule anayekatizwa. Aseme sentensi yote hadi mwisho, ikatwe baadaye. Akijikatiza mwenyewe atapunguza sauti kabla ya wakati, kana kwamba alijua anakatizwa.

Naweza kupakia mazoezi yangu mtandaoni?

Kufanya mazoezi nyumbani na filamu ya mtu ni jambo moja, kuitangaza ikiwa na sauti yako ni jingine. Mwenye filamu ana haki zake, na kuandika "si yangu" chini ya video hakuziondoi. Tumia video uliyoichukua mwenyewe, au kazi zilizotolewa kwa leseni inayoruhusu kubadilishwa. Filamu za wazi za Blender Foundation, taasisi ya programu ya uhuishaji ya Blender, ni mfano mzuri: "Sintel" ya 2010 ni ya uhuishaji, na "Tears of Steel" ya 2012 ina waigizaji wa kweli, kwa hiyo unapata midomo ya aina zote mbili. Leseni yake inataka uwataje waliozitengeneza.

Nifanye mazoezi kwa muda gani kila siku?

Dakika 30 zinatosha, na baada ya 45 masikio huanza kudanganya. Rekodi ya leo isikilize kesho. Mara ya kwanza itazame kwa sauti na picha, mara ya pili fumba macho: kama ukifumba macho inasikika kama mtu anasoma, rudi kwenye kipande kilekile.